Kyela ya kilo 2 na Kyela ya tani 25

Haipiti miezi miwili bila mtu kunitumia meseji ya aina moja, hata maneno yanafanana utadhani wanakopiana: shikamoo kaka, nimepata bosi yuko Dubai, anataka mchele mweupe, mrefu, wenye harufu, tani 500 za kuanzia halafu kila mwezi, pesa ipo, wewe si mtu wa Mbeya, tuungane. Wa mwisho alikuwa kijana wa Dar, ana adabu zake, na mimi nikamuuliza swali moja tu, huyo bosi wako anataka mchele gani? Akanijibu Kyela kaka, si ndo wenye harufu. Nikamuuliza tena, Kyela ipi? Kimya. Baadaye akaandika, kwani ziko ngapi?

Kyela ni wilaya ya mkoani Mbeya kando ya Ziwa Nyasa, na ndilo jina watu wanauita mchele wa harufu wa huko. Ziko nyingi, na biashara yote ya kuuza nje mchele wa harufu kwa jumla inakwama kwenye swali hilo hilo ambalo kijana aliliona la kijinga.

Naomba nieleweke vizuri, mchele wetu kwenye sahani hauna deni na mtu. Kyela halisi ikipikwa nyumba ya tatu wanajua leo kwa fulani kuna kitu. Nimekula jasmini ya Thailand, nimekula basmati ya Pakistani iliyokaa ghalani mwaka mzima, na bado siku ya sikukuu mama akiniuliza ninunue mchele gani jibu linajulikana. Ila mtu wa kontena anachokilipia kwanza ni gunia la kwanza na gunia la mia tano kuwa kitu kimoja, harufu inafuata baada ya hapo, na sisi tunamuuzia harufu tukidhani tumemaliza.

Niwape kisa. Miaka michache nyuma nilimsindikiza ndugu yetu mmoja anayeishi Muscat, asili yao Unguja, alikuwa anataka kontena moja tu la futi 20, yaani tani kama 25 hivi, magunia 500 ya kilo 50, hesabu yake ilikuwa kuwauzia Waswahili wa kule ambao wamechoka kubebeana mchele kwenye mabegi. Alishapelekewa sampuli ya kilo 2, akapika, akanipigia simu usiku anasema harufu imejaa ngazi nzima ya ghorofa. Basi akaja, tukapanda gari mpaka kwenye mashine moja ya kukoboa huko upande wa Igurusi, jina lake silitaji, na wala hawakuwa watu wabaya. Mchele umepangwa mpaka kenchi, mwenye mzigo anaapa huu ni Kyela tupu. Pale mlangoni kulikuwa na mama mmoja mpembuaji, kashika ungo, nikamuomba atusaidie kuangalia, akachukua bambo, kile kichuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli, akachoma gunia juu, akamwaga kiganjani, akapuliza, akatafuna punje mbili mbichi, akatikisa kichwa kwamba sawa. Akachoma katikati. Akamwaga. Hapo hakutafuna hata, akanyoosha mkono tu tuone: punje nyembamba ndefu, punje fupi kidogo nene, na nyingine zina doa jeupe tumboni kama chaki. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, juu Kyela, katikati saro, chini sijui ni za nani." Saro ni mbegu nyingine, nitaifikia.

Tulichoma magunia 11 siku ile. Hakuna mawili yaliyofanana. Ndugu yangu alirudi Muscat na kilo 40 kwenye begi, kama wenzake wote.

Sasa watu wakisikia kisa hiki wanakimbilia kusema Wabongo matapeli, mimi nimekataa hiyo tafsiri kwa sababu nimekaa na wakulima. Mkulima anauza mpunga kwa debe au kwa plastiki, hiyo ndoo ya lita 20 ambayo Mbeya nzima inapimia, na plastiki ya mpunga safi wa mbegu moja bei yake ni ile ile ya plastiki ya mchanganyiko. Hakuna anayemlipa kwa kutochanganya. Halafu mbegu zetu za asili, hizo tunazoziita zambia, kilombero, supa, faya na majina mengine kila bonde na lake, zinazaa kidogo, zinarefuka zinaanguka, wakati saro, ambayo kwa jina la vitabuni ni TXD 306 na imeanza kutolewa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiipa maji na mbolea inakupa mara mbili na zaidi, na ina kaharufu ka wastani kanakotosha kumdanganya mtu mwenye mafua. Wewe ungekuwa na ekari mbili na ada ya mtoto ungepanda nini? Basi wanapanda zote, zinavunwa zote, zinaanikwa turubai moja, dalali anakusanya kwa watu 30, mashine inakoboa kwa foleni, na gunia linatoka limeandikwa Kyela hata kama mpunga umetoka Ubaruku ambako hata Ziwa Nyasa hawalioni.

Hiyo harufu yenyewe si uchawi. Wataalamu walishaifahamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kampaundi moja wanaiita 2AP kwa kifupi, ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye jasmini na basmati na hata kwenye bisi, ndo maana mchele mzuri ukianza kuchemka kuna kitu kinakukumbusha bisi za stendi. Tabia yake mbaya ni kwamba inaruka. Ukianika mpunga kwenye lami saa saba mchana inapungua, ukiuweka mchele uliokobolewa kwenye stoo ya bati yenye joto miezi sita inapungua zaidi, na ukichanganya na mchele usio nayo ndo kabisa, maana hapo hata ingekuwa haijaruka umeigawa kwa watu wengi. Kwa hiyo sampuli ya kilo 2 iliyokobolewa juzi na kutumwa kwa ndege, na tani 25 zilizokusanywa wiki tatu, zikasubiri Dar, zikapanda meli, zikakaa juani bandarini, hizo ni bidhaa mbili tofauti hata kama zimetoka shamba moja. Mnunuzi mzoefu analijua hilo ndo maana haamini sampuli, anataka kampuni ya ukaguzi ichome bambo wakati wa kupakia.

Na unyevu! Watu wanausahau kabisa. Mikataba ya mchele kimataifa karibu yote inasema unyevu usizidi asilimia 14. Kyela ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, mavuno yanaanza ardhi bado tope, na kipimo chetu cha unyevu ni jino. Unang'ata punje, ikilia ka! umekauka. Jino linafaa kwa debe. Funga kontena la bati lenye mchele wa unyevu wa 15 au 16, livuke bahari mchana moto usiku baridi, maji yanajikusanya darini yanadondoka juu ya magunia, unafungua baada ya wiki nne unakutana na uvundo, na ukungu wa kijani, na mtu ambaye hatapokea simu yako tena.

Waangalie Wathai walivyofanya. Mchele wao wa Hom Mali umesimama juu ya mbegu mbili tu, Khao Dawk Mali 105 iliyotangazwa rasmi 1959, na ndugu yake RD15. Mbili. Nchi nzima inayouza mamilioni ya tani za mchele, jina hilo la thamani limefungwa kwenye mbegu mbili, na serikali yao imeandika kabisa kwamba mchele hauruhusiwi kuitwa Thai Hom Mali mpaka angalau asilimia 92 iwe ni hizo, punje nzima iwe na wastani wa milimita 7 au zaidi, na wakiwa na wasiwasi wanapima vinasaba. Kinachonifurahisha ni hiyo 92. Hawakusema 100, kwa sababu wanawajua wakulima wao na wanazijua mashine zao, wakaruhusu 8 ipotee halafu hiyo 92 wakailinda. Sisi ukiwauliza wadau kwenye semina wanakwambia Kyela ni asilimia mia, ukichoma bambo unakuta 40. Matokeo yake mwaka 2025 wakati mchele mweupe wa kawaida duniani umeporomoka mpaka chini ya dola 400 kwa tani, Hom Mali ilikuwa inauzwa zaidi ya mara mbili ya hiyo, na anayelipa hiyo tofauti hajawahi kukanyaga shamba la Thailand, analipia karatasi anayoiamini.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndo meseji za bosi wa Dubai huwa zinafia hata kabla ya mambo ya bambo. Tuseme umenunua mchele mashineni kwa shilingi 2,000 kilo, msimu mzuri kabisa, na dola tuseme ni 2,500. Tayari tani moja ni dola 800 na hujatoka getini. Weka magunia mapya, weka kupembua upya, maana mnunuzi anataka chenga zisizidi asilimia 5 na mashine ya mtaani inakupa chenga mpaka unaogopa, weka lori la kutoka Kyela mpaka Dar kilomita karibu 950, weka cheti cha afya ya mimea, ufukizaji, wakala wa forodha, bandari, meli. Umeshaingia kwenye bei ya Hom Mali iliyofika gatini kwa mteja, ila wewe huna karatasi ya Hom Mali. Nani atakulipa? Ndugu yangu wa Muscat angelipa, kwa sababu wateja wake wanaijua Kyela kwa kumbukumbu ya nyumbani, lakini Waomani wenyewe majirani zake, aliniambia, wanataka basmati iliyokaa mwaka ghalani, ile ikiiva punje inarefuka kama sindano na haishikani, sasa Kyela mpya ya Juni ni laini, ina utamu wake, kwao wanaiona kama imelowa. Kwa hiyo soko la Ghuba lipo ila ni la watu wetu walioko kule, na watu wetu hawali tani 500 kwa mwezi.

Mnakumbuka Julai 2023 India ilipopiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati? Mitandaoni kila mtu akawa anapiga kelele fursa, fursa, India ina kama asilimia 40 ya mchele unaouzwa duniani, imeondoka sokoni, tuingie. Mimi nilikuwa najiuliza hawa watu wamesoma tangazo au kichwa cha habari. Kilichozuiwa ni mchele wa kawaida wa bei rahisi, wa kulisha familia kubwa huko Benin, Senegal na kwingine, basmati iliendelea kuuzwa ila ikawekewa kikomo cha bei, chini ya hapo hairuhusiwi kuuzwa nje. Pengo lilikuwa la mchele rahisi. Sisi tukakimbilia kuwapelekea watu wanaotafuta mchele wa dola 450 Kyela ya dola 1,000, na Septemba 2024 India ikafungua mlango, biashara ikaisha hata kabla baadhi ya watu hawajamaliza kusajili kampuni.

Sasa upande wa pili wa shilingi, na huu ndo huwa hausemwi kwa sababu hauna picha nzuri ya meli: mchele wetu wa harufu unauzwa nje kila siku, kwa wingi, na mfumo wake unafanya kazi. Nenda Igurusi au Kahama msimu umechanganya utakuta namba za magari za Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, na upande wa Tunduma watu wa Zambia na Kongo. Yule Mganda hajaja na mkataba. Kaja mwenyewe, kalala gesti ya elfu 15, ana bambo lake mfukoni, anachoma gunia moja moja, anatafuna, anakataa hili anachukua lile, analipa, anapakia, anafuata lori lake mpaka Mutukula. Kipimo chake ni pua na mdomo. Hiyo ndiyo karatasi yake ya asilimia 92, inatembea na miguu miwili. Ndo maana mchanganyiko haujamuua, yupo pale wakati unafanyika, na akiona saro anaomba bei ya saro. Mfumo huu hauwezi kuvuka bahari, kwa sababu mtu wa Hamburg hatakuja kulala Igurusi wiki tatu, lakini kwa lori la tani 30 unatosha kabisa na nadhani tunaudharau bure.

Hata hapo jirani si kwepesi. Kenya ndiyo soko la karibu lenye njaa ya mchele mzuri, wanakula mara kadhaa ya wanachovuna, na pishori yao ya Mwea, ambayo kwa mbegu ni basmati hasa Basmati 370, haiwatoshi hata Nairobi peke yake, nayo inachanganywa na mchele wa nje hadi wakulima wa Mwea wanalia kilio kile kile cha Kyela. Kwenye karatasi sisi tuna faida, mchele wa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki unapigwa ushuru wa asilimia 75 na wetu unapita bure. Ila Kenya miaka yote inaomba nafuu, inatoza 35, kwa sababu Pakistani ndiye mnunuzi mkubwa wa chai yake, ukimbana kwenye mchele atakubana kwenye chai, ni hesabu ya kawaida na mimi ningekuwa Mkenya ningefanya hivyo hivyo. Halafu Julai 2025 wakatangaza kuruhusu tani 500,000 ziingie bila ushuru kabisa, watetezi wa wakulima wakakimbilia Mahakama Kuu ya Kerugoya ikasimamisha kwa muda. Mfanyabiashara wa Mbeya aliyejaza stoo akisubiri bei ya Desemba anaamkia habari kama hizo. Na sisi wenyewe tuna michezo yetu, leo vibali hivi kesho vile, 2013 tuliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru mpaka wakulima wa kwetu wakauza kwa hasara, kwa hiyo tusinyoosheane vidole sana.

Kuna jambo la jina pia na hili linanikera zaidi kuliko ushuru. Vietnam wana mchele wao unaitwa ST25, ulishinda tuzo ya mchele bora duniani 2019 kule Manila, na mzee aliyeutengeneza, Hồ Quang Cua, alihangaika nao miaka na miaka. Mwaka 2021 ikagundulika kampuni kadhaa za Marekani zimeshapeleka maombi ya kusajili jina hilo kama alama yao ya biashara, Wavietnam wakaanza kukimbizana na mawakili. Wao wana mbegu iliyosajiliwa, mtu anayejulikana, tuzo, na bado walinyemelewa. Jina la Kyela liko kwenye mifuko ya supamaketi, liko kwenye magunia ya Manzese, na anayeliandika ni mtu yeyote mwenye wino. Kiwango cha mchele cha Afrika Mashariki kipo, EAS 128, kinazungumzia chenga, unyevu, mawe na uchafu, vizuri kabisa, ila kwamba Kyela ni mbegu gani kutoka bonde gani hakikuambii. Zanzibar mchele wa bei rahisi unaotoka nje una jina lake, mapembe, na kila mtu anajua akinunua mapembe anapata nini. Inauma kidogo kwamba mapembe inaaminika kwa maana hiyo kuliko Kyela.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, na huyo kijana aliniuliza, kontena liache kwanza. Tafuta kijiji kimoja Kyela, wakulima 40 au 50 wanaokubali kupanda mbegu moja, na mbegu yenyewe mnaweza kuizalisha hapo hapo kama mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora, TOSCI, yaani taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, wakaja kukagua, uwalipe wakulima zaidi kwa kila plastiki isiyo na mchanganyiko na uwalipe hapo hapo si mwezi ujao, nunua kipima unyevu kimoja ukae nacho kwenye turubai, koboa siku moja mashine nzima ikiwa yako na isafishwe kabla, maana kilo 10 za saro zilizobaki tumboni mwa mashine zinatosha kukuchafulia gunia la kwanza. Halafu usiupeleke Dubai. Upeleke Nairobi au Kampala kwa mtu mmoja, gunia lina jina la kijiji, na mwaka unaofuata umpelekee ule ule. Hakuna tajiri anayetokea hapo kwa msimu mmoja, hilo nakubali, na faida ya mwaka wa kwanza inaweza ikaishia kwenye turubai na nauli.

Nilimwandikia yote hayo, ndefu hivi hivi, nikamwambia tuanze na tani 5 na nitamtafutia kijiji. Akasema bosi hana muda wa tani 5. Juzi kanitafuta tena, shikamoo kaka, safari hii bosi anataka ufuta.